Chumba Kilichorukwa

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi huitamka methali hii huku macho yao yakiupima mfuko wa mgeni. Lakini dawa haikai mfukoni siku zote. Pengine mgeni huja nayo mikononi, na mwenyewe asijue. Nyamizi alifika Ilula hana mfuko.

Alizaliwa Shinyanga, akaolewa, akahamia bonde la Usangu na mumewe wakiswaga ng'ombe. Ukame ulipomaliza kundi, wakaenda Makongolosi kuchimba dhahabu, na huko shimo likamfukia mume. Mtoto hakujaliwa. Basi likamshusha Ilula, akapanga chumba kimoja, akawa anauza nyanya kando ya barabara. Miaka miwili ikapita. Aliitwa "yule Msukuma". Jina lake hakuna aliyeliuliza.

Kila Jumamosi jumuiya ya kanisa ilisali nyumba kwa nyumba, naye hakukosa hata mara moja. Lakini zamu ilipokaribia chumba chake iliruka kama panzi, ikatua kwa jirani. "Mpangaji ni mpita njia," alisema Faustina, mwenyekiti wa jumuiya, wala hakuwa na nia mbaya. Hata hivyo, kila Ijumaa Nyamizi alideki sakafu, akatandika kitambaa cheupe mezani, akasimamisha mshumaa. Kesho yake jioni alikikunja kitambaa. Mshumaa ule haukuwahi kuonja moto. Hakumwomba Mungu mali. Aliomba siku moja tu asikie hodi.

Jumamosi moja walikuwa kwa Faustina mwenyewe. Rozari ilikuwa katikati ng'ombe alipolia bandani, kilio cha kupasua moyo. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyowasomesha wajukuu wanne wa Faustina. Walimkuta amelala ubavu, ukwato mmoja tu wa ndama umechungulia. Bwana mifugo akapigiwa simu, yuko mbali. Jirani yao Liberatus akafunga kamba kwenye ukwato ule, akaita wanaume wavute.

"Msivute!"

Watu wakageuka. Wengi hawakuwahi kuisikia sauti ya Nyamizi nje ya sala.

"Mama, huyu si kama wale wenu wa porini," Liberatus alisema. "Huyu ni ng'ombe wa kisasa."

"Kwani wa kisasa anazalia puani, baba?"

Kicheko kikamponyoka mtu nyuma. Nyamizi hakucheka. "Mguu mmoja umekunjika ndani. Mkivuta, mtaua mama na mtoto. Nipeni maji ya vuguvugu na sabuni."

Faustina aliitazama kamba, akaitazama mikono ya yule mwanamke. "Mpisheni," akasema.

Kule Usangu, mumewe akiwa machungani, kazi hii Nyamizi aliifanya peke yake si mara moja. Alingoja uchungu utulie, akamrudisha ndama ndani kidogo kidogo, akautafuta mguu uliopotea, akaufunika ukwato kwa kiganja usije ukachana tumbo, akaunyoosha. "Sasa vuteni. Polepole, kuelekea chini, mama akisukuma tu."

Ndama akateleza hadi kwenye majani, kimya kama gunia. Nyamizi akamfuta pua, akamchokoa tunduni kwa unyasi. Ndama akapiga chafya. Faustina akaketi palepale, akalia kama mtoto.

Nyamizi alinawa, akaokota rozari yake, akarudi mahali pake karibu na mlango. Faustina akamfuata na daftari la zamu.

"Dada, unaitwa nani?"

"Nyamizi."

"Nya-mi-zi," Faustina akaandika. "Miaka miwili, dada! Utusamehe. Jumamosi ijayo utupokee."

"Chumba ni kidogo."

"Tutabanana."

Jumamosi hiyo saa ya sala ilifika, ikapita. Nje hakukuwa na hatua za mtu. Nyamizi alisimama mbele ya meza, akashika ncha ya kitambaa ili akikunje, kama alivyozoea.

"Hodi! Kamwene, dada Nyamizi!" Ilikuwa sauti ya Faustina, ikimsalimu kwa Kihehe. "Tumechelewa, tulikuwa tunamsubiri Liberatus amalize kumkamua yule ng'ombe!"

Waliingia mmoja mmoja hadi wakabanana ukutani. Waliokosa viti walipindua matenga ya nyanya, wakakalia. Liberatus akaweka chini kidumu cha maziwa, akawasha kiberiti. Utambi wenye vumbi la miaka miwili ulitatarika, ukasita, kisha ukashika moto. Nyamizi akaanzisha sala kama mwenye nyumba. Jumuiya nzima ikampokea.

Ama kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.