Kindi Alivyomwinamia Nyani

Nipokeeni!

— Tunakupokea!

Kwa mkono mmoja?

— Kwa yote miwili!

Na masikio?

— Yako wazi!

Haya. Sogezeni huo ungo wa choroko hapa katikati. Mikono iambue, masikio yasikilize, mimi sisimulii watu waliokaa bure. Na wewe Tunu, futa machozi. Najua nani anakunyang'anya maandazi njiani, na najua ni mara ya ngapi. Kaa hapa karibu na mimi. Hadithi ya leo ni yako, hawa wengine wanaazima tu.

Hapo kale kilitokea kiangazi. Si hiki chenu cha kulalamika jasho, kiangazi chenyewe! Mito ikakauka, visima vikakauka, likabaki dimbwi moja tu la maji chini ya jabali. Na kando ya dimbwi hilo akakaa Nyani.

Nyani huyo kifua alikuwa nacho, meno alikuwa nayo, tumbo alikuwa nalo. Haya ndiyo hakuwa nayo. Aliegemea kisiki cha mgunga, mgongo kisikini ili mtu asimjie kwa nyuma, uso majini.

Akija Swala kunywa maji, Nyani anauliza, "Umeniletea nini?" Swala anatoa nusu ya majani yake.

Akija Kobe, "Umeniletea nini?" Kobe anatoa nusu ya matango yake.

Akija Kanga, "Umeniletea nini?" Kanga anatoa nusu ya mbegu zake, na watoto saba wanamtazama.

Na kabla ya yote hayo, kila mtu ainame mpaka pua iguse tope, aseme, "Shikamoo mkubwa." Nyani alipenda kuinamiwa kuliko alivyopenda kula, na kula alikupenda jamani!

Sasa palikuwa na Kindi. Binti mdogo, mwili wote ngumi moja, kilichozidi ni mkia. Mama yake alikuwa ameanguka mtini, mguu umevunjika, amelala shimoni hawezi hata kugeuka. Kila asubuhi Kindi alichukua kibuyu, akaenda dimbwini, akainama, "Shikamoo mkubwa," akateka maji. Na kila asubuhi Nyani alikichukua kibuyu. Gubu, gubu, gubu! Nusu imekwenda.

"Kamsalimie mama," anasema, anajifuta mdomo.

Mama akiletewa hiyo nusu hunywa mafunda mawili, anasema, "Nimetosheka mwanangu, kunywa wewe." Uongo mtupu. Midomo ilikuwa imepasuka. Kindi aliiona, roho ikamuuma, ikamuuma sana.

"Mama, mimi nitajifunza kupigana."

"Wewe? Umpige Nyani kwa nini, kwa huo mkia?"

"Nitajifunza," akasema Kindi. Akatoka.

Akaenda kwa Nyegere. Mnamjua Nyegere? Yule mfupi mwenye mgongo mweupe, hata simba akikutana naye njiani hukumbuka ana shughuli kwingine. Nyegere alikuwa na uwanja wake nyuma ya kichuguu, anafundisha mapigano, na wanafunzi wamefunga mikanda ya katani viunoni, kila mmoja kwa rangi ya kiwango chake.

"Shikamoo mwalimu. Nifundishe kupiga."

"Marahaba. Shika ufagio."

Kindi akafagia uwanja. Alipomaliza kufagia, Nyegere akamfunga mkanda mweupe, akamwambia, "Kanuni ya kwanza, pambano usilianze wewe. Sasa salamu. Miguu pamoja. Mikono wazi. Inama. Macho yasimtoke mwenzio."

"Hii naijua, mwalimu. Kila siku namwinamia Nyani."

"Thubutu! Kule unatazama tope. Hapa unamtazama mtu. Inama tena."

Mwezi mzima, kuinama. Akainama mpaka kiuno kikaimba.

Mwezi wa pili, kuanguka. Nyegere anamsukuma, tifu! "Kunja kidevu! Jiviringe! Simama!" Anamsukuma, tifu! "Kidevu! Jiviringe! Simama!" Akaanguka mbele, akaanguka nyuma, akaanguka ubavu. Akawa anaanguka hata usingizini.

"Mwalimu, nitafundishwa lini kupiga?"

"Nani alikwambia nafundisha kupiga? Simama."

Mwezi wa tatu, fundo. Eti kufunga mkanda! Kindi nusura alie. Fundo lenyewe lilikuwa la ajabu kidogo. Ukilivuta linakaza, ukilegea linafunguka lenyewe. Afunge, afungue. Afunge, afungue. Wenzake wakamcheka. "Umefuzu nini, Kindi? Kuinama, kuanguka na kufunga mkanda? Nyani atakufa kwa hofu!" Kindi alifunga, akafungua.

Basi asubuhi moja akaenda dimbwini, akateka maji. Nyani akakishika kibuyu. Gubu, gubu, gubu. Nusu ikapita. Gubu, gubu, gubu. Akamaliza chote.

"Mkubwa! Na mama yangu?"

"Jua limezidi. Kuanzia leo kibuyu kizima ni changu. Mama yako si amelala tu? Aliyelala ana kiu gani?"

Ai! Hapo Kindi akasahau mwalimu, akasahau kanuni. Akaruka na teke la kujitungia mwenyewe, maana teke hakuwahi kufundishwa. Nyani akamdaka mkia hewani, akamzungusha, akamtupa. Tifu! Kindi akakunja kidevu, akajiviringa, akasimama. Nyani akamdaka, akamtupa. Tifu! Akajiviringa, akasimama. Akamtupa mara ya tatu, tifu! Kindi huyo, amesimama, vumbi mpaka kope.

Nyani akaanza kuhema. "Mbona huvunjiki?"

"Nimefundishwa."

"Na hicho kiunoni ni kitu gani?"

"Mkanda. Mweupe ni wa anayeanza."

"Lete." Akamvua. "Kwani iko mingine?"

Kindi akamtazama machoni, kama uwanjani. Akayaona yale macho yanavyong'aa. Akasema polepole, "Iko, mkubwa. Wa manjano, wa kijani, wa kahawia. Na mweusi, ule wa bingwa."

"Yote niletee kesho. La sivyo hapa hunywi tena, wewe na kilema wako."

Alisema kilema. Nimewaambia haya hakuwa nayo.

Siku hiyo Kindi alirudi kwa mama yake na kibuyu kikavu. Mama alikitazama kibuyu. Alijaribu kutabasamu, mdomo ukapasuka, damu ikatoka. Kindi alijua hesabu yake. Leo hakuna maji, kesho yakikosekana tena, hana mama. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu.

"Mwalimu, leo nimevunja kanuni. Nilianza mimi, kwa teke."

"Naona. Umerudi bila mkanda."

"Niazime mikanda yote. Namvika Nyani kesho."

Nyegere akamtazama, akajikuna sikio, akamtazama tena. Kisha akawaita wanafunzi wakavua yao. Wa mwisho akavua wake mwenyewe, ule mweusi. "Kanuni ni ile ile," akasema.

Kesho yake Kindi akafika dimbwini, mikanda minne ameiunganisha ncha kwa ncha, mrefu huo, unaburuta chini. Wanyama wamesimama mbali wanangoja zamu ya kunyang'anywa.

"Nimeleta, mkubwa. Ila mkanda una taratibu zake. Bingwa hajifungi, hufungwa."

"Nifunge basi! Na huu wa jana uunge hapo hapo."

Nyani akasimama mbele ya kisiki chake, kifua mbele, akajitazama majini. Jamani, rangi zilimpendeza! Kindi akamzunguka tumboni mara moja. Akamzunguka mara mbili. Akamzunguka mara tatu. Akafunga fundo mgongoni, lile la mwezi wa tatu.

"Mbona mkanda bado mrefu?"

"Huo ni mkia wake. Wa bingwa una mkia, unakaa nyuma."

"Ehee! Na uwe mrefu!" Akageuza shingo, akajitazama majini ubavu wa kulia. Kindi akauzungusha mkia ule kwenye kisiki. Nyani akajitazama ubavu wa kushoto. Kindi akafunga.

Kisha Kindi akaja mbele, hatua tano mbali naye. Akachota maji kibuyu tele, akakiweka chini kando yake.

"Weka hapa," Nyani akasema.

"Hapana," akasema Kindi. "Haya ni ya mama."

Kanga aliwafunika wanawe kwa mbawa.

"Umesema?"

Kindi akaweka miguu pamoja. Mikono wazi. Akainama taratibu, na macho hayakumtoka Nyani hata kidogo. Aliinama akasimama, na hakukimbia.

Nyani alikuwa hajawahi kutazamwa hivyo na mtu aliyeinama. Akakasirika mpaka manyoya yakasimama. Akaruka! Hatua moja. Hatua mbili. Hatua tatu. Ya nne haikuwepo. Kwachu! Mkanda umefika mwisho. Miguu ikaenda juu, kichwa kikaja chini. Pwaaa!

Na yeye kuanguka hakufundishwa. Alianguka kama gunia la viazi, kisogo kwanza. Akainuka, akavuta. Fundo likakaza. Akavuta kwa nguvu zaidi. Likakaza zaidi. Akaruka tena. Kwachu! Pwaaa!

Nini, Chande? Si angeukata kwa meno? Ebo! Nani anasimulia hapa, mimi au wewe? Tumbo limekabwa kwa mizunguko mitatu, pumzi haiingii haitoki, meno utayafungulia wapi? Ambua choroko.

Kindi hakumgusa. Hakumpiga kofi, hakumpiga teke. Akachukua kibuyu chake, akajitwika, akaondoka. Huku nyuma Swala akasogea akanywa. Kobe akasogea akanywa. Kanga na watoto wake saba wakaingia majini mpaka magotini. Kila mmoja alipokunywa, Nyani alivuta kwa hasira, na kila alipovuta alikabwa.

Shimoni, mama alikunywa. Alikunywa kibuyu kizima, yanamwagika kidevuni, na hakusema nimetosheka. Kindi alimshikia kibuyu, na hapo ndipo alipolia.

Alasiri akarudi. Nyani amelala ubavu, ulimi nje.

"Nifungue, Kindi. Nakufa."

"Sikufungui. Jifungue. Rudi kisikini, acha kuvuta, tumbo lilegeze."

"Halafu?"

"Basi. Legea tu."

Weee! Kulegea, kwa mtu aliyezoea kuvuta vya watu! Alikaa kisikini, akapumua. Akamwona Kobe anakunywa, akavuta. Likakaza. Akapumua. Akamwona Swala, akavuta. Jua lilipofika kugusa jabali, hana tena nguvu ya kukasirika. Akashusha pumzi, tumbo likaingia ndani, na fundo likafunguka lenyewe. Mikanda ikaanguka miguuni pake, rangi zote tano.

Akasimama. Meno yako pale pale, kifua kiko pale pale. Wanyama wote wakarudi nyuma.

Kindi hakurudi. Akaweka miguu pamoja. Mikono wazi. Akamtazama.

"Tuanze tena?" akauliza. Akainama.

Nyani aliiona ile salamu, akaruka kinyumenyume, akapiga yowe, akapanda jabali. Kamshikeni! Mpaka leo hajarudi.

Jioni ile ile Nyegere alikuja kuchukua mkanda wake. Umevutika, umejaa tope.

"Ulimpiga?"

"Hapana mwalimu. Nilimwinamia, akaanguka, nilikuwa nimemfunga mkanda."

"Mh," akasema Nyegere. "Kesho tuanze teke. Lile lako la jana ni aibu. Na mkanda wangu utaufua."

Ndiyo maana hata leo, ukimkuta nyani shambani anavunja mahindi, wewe huna haja ya kupiga kelele. Inama tu kidogo. Atatoka mbio! Watu wanadhani anaogopa jiwe. Jiwe gani? Anamkumbuka Kindi.

Sasa funzo, maana wazazi wenu wataniuliza. Funzo ni kwamba watoto wema hawapigani. Mtoto mwema akikutana na aliyemzidi nguvu humpa heshima zake, huinama, hujiangukia mwenyewe, na kama mkubwa anataka mkanda humvika kwa mikono miwili. Mmesikia? Kawaambieni hivyo hivyo, msipunguze neno.

Tunu, wewe baki. Choroko zimetosha. Kamba ya katani iko pale msumarini, iteremshe. Kunja kidevu.

Mmenipokea?

— Tumekupokea!

Kwa mkono mmoja?

— Kwa yote miwili!

Basi wangu mzigo nimeutua. Mwenye mgongo aubebe.