Alketos na Nafasi ya Merion

Sogeeni, enyi watu wa Korda, mketi mnisikilize, maana leo namtaja yule ambaye damu yake imo ndani ya kila mmoja wenu: Alketos mwana wa Drimas, mwana wa Pelagon, Mpasua Malango, mchunga mbuzi aliyewapigisha magoti wafalme.

Zama zile nchi ya Wagiriki haikuwa na bwana mmoja. Kila mji ulikuwa na ukuta wake na majivuno yake, na mji wa Thelia ulikuwa na majivuno kuliko yote. Babu zetu waliishi milimani kwa maziwa na ubishi. Vitani, Mkorda alitoka mbele peke yake, akataja jina la baba yake na la babu yake kwa sauti kuu, ndipo akapigana. Kusimama nyuma ya ngao ya mwenzako ilikuwa fedheha ya kufa nayo. Basi Wathelia, waliokuja wamebanana bega kwa bega, waliwaua mashujaa wetu mmoja mmoja, kila mmoja akiwa bado anataja ukoo wake. Mabonde matatu yalichukuliwa, wanawake wakafungwa kamba. Likabaki bonde moja.

Alketos akakata miti mirefu ya msituni, akachonga mikuki ya dhiraa kumi na mbili. Mkuki huo haushikiki kwa mkono mmoja, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujikinga mwenyewe. Kila mtu aliishi kwa hisani ya jirani yake. Na sheria ilikuwa moja: safu husonga mbele, na anayeanguka haokotwi.

Mdogo wake, Merion, alichukia mno.

“Kaka, unanitaka nijifiche? Baba alikufa akiwa mbele ya watu wote.”

“Alikufa,” alijibu Alketos, “na bonde likaenda. Shika mkuki.”

Merion akaushika. Lakini siku Wathelia walipotokea, zikiwa zimebaki hatua mia, ujana ulimshinda. Akautupa ule mkuki mrefu, akatoka mbele peke yake, akaanza kumtaja Drimas na Pelagon. Watu wa kulia na kushoto wakamtazama Alketos. Wangekimbia kumwokoa, ukuta wa mikuki ungefunguka, na bonde la mwisho lingekwenda na watoto wote waliokuwamo.

Alketos akapaza sauti: “Safu isivunjike!”

Merion aliposikia sauti ya kaka yake aligeuka, uso umechangamka, akidhani anafuatwa. Adui wakamchoma akiwa ameangalia kwetu. Safu ikapita juu yake, Wathelia wakavunjika kwa mara ya kwanza, na mimi kila nikifika hapa roho huniuma.

Baada ya hapo ushindi haukukoma. Thelia ilifungua malango, visiwa vikatuma mateka, jeshi likavuka bahari hadi nchi ambazo majina yake hatukuweza kuyatamka. Lakini kuna jambo limenisumbua tangu utotoni. Katika kila vita, kwa miaka ishirini, mtu yule mwerevu aliamuru nafasi ya Merion iachwe wazi, tundu la upana wa mtu mmoja katikati ya safu. Kwa nini? Wengine husema ni heshima, wengine adhabu aliyojipa. Nimeuliza sana, na kila mzee ana lake.

Mwishowe adui mmoja wa mbali aliliona tundu lile, akaingiza wapanda farasi wake humo. Alketos, mvi kichwani, akashuka kwenye farasi wake, akasimama pale kwa ngao na upanga, akataja jina moja tu, la Merion, akawazuia. Halafu akawaamuru watu wake wasonge. Walilia, lakini walisonga. Walishinda, na walipomtafuta hawakumwona, maana ardhi yote ilikuwa imekanyagwa.

Wajumbe wakampelekea habari mama yake, Eurynassa, kikongwe aliyekuwa hajamlilia Merion hata chozi moja, kwa kuwa Korda nzima ilikuwa ikishangilia siku alipokufa.

“Mliinama kumwokota?” aliuliza.

“Hapana, Mama. Ndivyo alivyotufundisha.”

Eurynassa akawalilia wanawe wote wawili kwa pamoja, siku tatu. Siku ya nne akasimama mbele ya jeshi akasema: “Safu ya Korda itasimama, na itaokota watu wake. Asiyetaka aje anipige mkuki mimi.”

Hakuna aliyethubutu. Na jeshi linalosimama kuokota watu wake haliendi mbali. Wageni hushangaa kwa nini dola iliyomeza nusu ya dunia ilikomea kwenye kijito ambacho hata mbuzi hukiruka. Huwa nawajibu kwamba wazee wetu walifika pale, wakainama, na kila mmoja akambeba ndugu yake wakarudi nyumbani.