Chembe Mia Mbili Zisizo na Jina

Hapo zamani, na siendi mbali, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na mwanamke wa Taita akiitwa Mkawasi. Kila mwezi homa ilimlaza siku tatu. Homa hiyohiyo ilikuwa imemuua dada yake, Wakesho, aliyekufa bila mtoto.

Madaktari walitazama damu ya Mkawasi kwa hadubini. Wakazihesabu chembe nyeupe, wakazigawa makundi matano kama ilivyo desturi, wakasema, "Ziko sawa." Mwezi uliofuata wakazihesabu tena, wakasema, "Ziko sawa." Mkawasi naye hawezi hata kuinua kikombe.

Kisha ikaja maabara iliyoweza kuichukua kila chembe peke yake na kusoma jeni zake, maana chembe zinazofanana sura huenda kazi zao ni tofauti kabisa. Daktari Righa, mkuu wa maabara, akamwambia, "Mama, tunataka damu ya siku ya homa, kabla hujameza dawa."

Homa ikaja asubuhi. Mkawasi akakaa nayo hadi alasiri, meno yakigongana, dawa iko mkononi, asiimeze. Damu ikatolewa.

Mwakio, fundi wa maabara, akaipokea. Umeme ukakatika. Chembe hazingoji umeme, hufa. Mwakio akaizungusha damu kwa mashine ya mkono, kuzitenga chembe zikiwa hai, mpaka mabega yakamfa ganzi. Umeme uliporudi, kila chembe ikaingia kwenye tone lake ndani ya mafuta, peke yake.

Shali, msomaji wa jeni, akakaa kwenye kompyuta. Akaona chembe mia mbili zenye alama za makundi mawili kwa pamoja. Akazifuta. Msishangae, ndiyo kanuni yao: chembe ya namna hiyo huhesabiwa kuwa ni mbili zilizogandana, kosa la fundi.

Mwakio akaisoma ripoti, akamwakia Shali. "Mimi sikugandisha hata moja!"

"Umegandisha mia mbili."

"Sikugandisha!"

Basi Shali, kwa hasira tu, akazirudisha ili amwaibishe. Akazikagua. Kila moja ilikuwa na mzigo wa jeni wa chembe moja, si wa mbili. Ilikuwa aina mpya, haijaandikwa popote, na jeni zake zilionyesha kuwa ndiyo iliyokuwa ikiwasha ile homa. Dawa ya kuzituliza ikapatikana. Mkawasi akapona.

Likabaki jina. Kwenye orodha ya chembe pana nafasi ya jina moja, na likishaandikwa halifutwi.

Shali akasema, "Ziitwe kwa jina langu. Msomaji yeyote angezifuta. Nani mwingine angezirudisha?"

Mwakio akasema, "Ulizirudisha ili unifedheheshe. Bila mikono yangu zingekufa siku ileile, na bila ubishi wangu zingebaki kwenye takataka. Ziitwe kwa jina langu."

"Ulikuwa ukijitetea wewe, si chembe."

Mkawasi akasema, "Wanangu, bila homa yangu mngesoma nini? Lakini jina langu silitaki. Ziitwe Wakesho, kwa jina la dada yangu. Nyumbani kwetu marehemu huitwa tena, jina lake akapewa mtoto wa nduguye. Mimi sikujaliwa mtoto, na umri umeshanipita. Asipoitwa hapa, haitwi tena na mtu."

Shali akauliza, taratibu sasa, "Lakini mama, hizi ndizo zilizomuua. Utampa muuaji jina la aliyeuawa?"

"Zilimuua, ndiyo. Lakini zilikuwa mwilini mwake, na mwilini mwangu zimo. Sina kingine nilichobaki nacho cha pamoja na yeye."

Daktari Righa ameshika kalamu. Mmoja alivumilia, mmoja alitunza na kubisha, mmoja alikosea kisha akaona. Na yupo wa nne, aliyekufa, ambaye hakuomba kitu.

Nyinyi mnaonitazama, msiniambie jina ligawanywe. Nafasi ni moja. Je, nani alistahili? Na mkisema ni Wakesho, nani kati yenu ana moyo wa kuliandika?