Chozi Alilolimeza Kiango

Sogeeni, jamani, ngano hii haitaki kelele.

Kiango alikuwa bingwa wa mieleka, hajapata kuangushwa. Siku alipomzika mkewe Mwanasiti, baba yake alimkanya, "Jikaze! Mwanamume halii." Kiango akalimeza chozi. Kumbe chozi likimezwa hugeuka jiwe!

Mwezi wa kwanza usingizi ukampaa. Wa pili chakula kikamshinda. Wa tatu likaja zimwi la mtoni kupigana naye, atakayeanguka aliwe. Magoti yakamlegea Kiango, akaanguka. Zimwi likamwinua limle, mara likamtua.

"Ah! Umebeba jiwe kifuani. Mtu wa hivi mimi simli. Nenda kalie kwanza."

Akarudi nyumbani, akajibwaga mlangoni, akalia hadi kanga ya Mwanasiti aliyoikumbatia ikaloa chapa. Jiwe likayeyuka kama chumvi. Magoti yakapata nguvu, akasimama.

Baba yake, aliyepinda mgongo tangu afiwe na mkewe miaka thelathini nyuma, alikuwa akimtazama.

"Mwanangu, nifundishe," alisema. "Mimi hata sijui kulia kunaanzaje."

Wakaketi pamoja hadi jua likazama. Mzee hakutokwa na hata tone.

Ngano naiacha pale mlangoni, walipo.