Kesi ya Faki na Faki

— Paukwa!
— Pakawa!
— Chungu kipo?
— Kipo mafigani!
— Kimeiva?
— Kimeiva!
— Nani apakue?
— Aliyepika!

Haya, mmesema wenyewe. Laiti mngekuwapo enzi hizo kwenye baraza la Liwali, hadithi hii isingezaliwa, na sote tungekuwa tumeshalala.

Hapo kale, kale ya kale, wakati kila mji ulikuwa na liwali na kila liwali hana kazi, palikuwa na mke na mume. Mke akiitwa Mize, mume akiitwa Faki. Walipendana. Nasema walipendana, msije mkadhani vingine. Walipendana asubuhi, walipendana jioni, ila katikati palikuwa na chakula cha mchana.

Mize alikuwa mpishi. Wali wake wa nazi ulinukia mpaka wapita njia wakasahau wanakokwenda. Na alikuwa na upawa wake, upawa wa kifuu wenye mpini wa mpera, aliokabidhiwa na mama yake siku aliyoolewa. Mama akamwambia: "Mwanangu, nyumba ya mume, upawa wako. Mwanamke asiye na upawa ni mgeni jikoni kwake." Basi Mize akaushika upawa ule kama liwali anavyoushika muhuri. Tofauti ni kwamba upawa ulikuwa na faida.

Siku moja Mize akapakua. Sahani ya mume, sahani yake. Faki akatazama ya kwake. Akatazama ya mkewe. Akaweka mkono shavuni, akaimba:

*Lako fungu, fungu mlima,*
*langu fungu, fungu kilima!*

"Bwana wee," akasema Mize, "nimepakua upawa kwa upawa."

"Upawa wako ulikuwa na kichuguu juu."

"Basi tubadilishane."

Wakabadilishana. Faki akainama, akainuka, akapima kwa jicho la kulia, akapima kwa jicho la kushoto.

"Ajabu," akasema. "Sahani hii ilipokuwa kwako ilikuwa kubwa. Imefika kwangu, imesinyaa."

"Imesinyaa vipi, na imesafiri shibiri moja?"

Wakabadilishana tena. Wakabadilishana tena. Wali ukapoa. Mchuzi ukapoa. Asiyepoa ni Mize peke yake.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Ya Faki, jamani, hayakuwa hata na mlango. Akavaa kofia, akashika njia ya barazani, mkewe nyuma yake.

Liwali alifurahi kama aliyeletewa mgeni kutoka Hijja. Kesi yake ya mwisho ilihusu mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikufa kwa uzee kabla ya hukumu. Akawasikiliza wote wawili, akakohoa, akasema:

"Acheni sahani. Kuleni sinia moja, kama wazee wenu. Kila mmoja ale mbele yake."

Hukumu nzuri, sivyo? Angeishia hapo tungempigia makofi. Lakini liwali akishatoa hukumu nzuri mkono humwasha. Akaongeza: "Na ili pasitokee mgogoro, mpima viwanja wangu atakwenda kuweka mpaka."

Mpima viwanja akaja na kamba na vijiti vya mwarobaini. Akavua viatu, akapiga magoti mbele ya sinia, akafumba jicho moja.

"Sogea kidogo bibi, unanizibia upeo."

"Baba, wali unapoa."

"Ardhi haina haraka, bibi."

Akachomeka kijiti hapa, akachomeka kijiti pale, akachomeka cha tatu katikati ya kichwa cha samaki. "Huku kwa Faki, huku kwa Mize. Nawatakieni ujirani mwema."

Mize akamimina mchuzi. Sasa, ndugu zangu, mchuzi hauogopi vigingi. Sakafu ya nyumba ile ilikuwa imeinama kidogo upande aliokaa Mize, na mchuzi ukafuata desturi ya baba zake. Ukapita kijiti cha kwanza, ukapita cha pili, ukatulia mbele ya mke kama paka aliyefika kwao. Faki akaweka mkono shavuni:

*Lako fungu, fungu mlima,*
*langu fungu, fungu kilima!*

"Mto mzima umehamia kwako!"

"Si mimi, ni sakafu! Na sakafu uliisakafia wewe!"

Faki akamgeukia mpima viwanja. Mpima viwanja alikuwa anakunja kamba yake. "Majimaji si kazi yangu," akasema. "Mimi ni wa nchi kavu."

Wakarudi barazani. Safari hii ilikuwa adhuhuri, Liwali mwenyewe hajala, na liwali mwenye njaa hana utani. Akapiga fimbo chini.

"Sikilizeni! Kesi ya mke na mume juu ya chakula ikifika hapa mara ya tatu, upawa huo unakuwa mali ya baraza. Nitawaletea mpakuaji wa serikali, akae jikoni kwenu. Atapakua kwa kibali."

Mize akauliza: "Kibali hutoka lini, Liwali?"

Liwali akamtazama karani wake. Karani akatazama dari.

Mize akarudi nyumbani ameufumbata upawa ndani ya kanga, kama mtu aliyebeba kifaranga penye mwewe. Akawaza. Nikimpa kidogo, atashtaki. Nikimpa sawa, atashtaki. Nikimpa kikubwa, atakiona kidogo, atashtaki. Na mimi nitakaa kwenye jiko langu nikimwomba mtu wa serikali tonge, naye aniulize nimekuja kwa kibali gani.

Enyi mlioko hapa, mngefanyaje? Bibi wa nyuma kule, nimekusikia. Hapana. Upawa wa kifuu ukimpiga nao mtu hupasuka.

Asubuhi Mize akapika wali, akapika mchuzi wa changu. Akapakua sahani mbili. Akamwekea Faki moja kulia. Akamwekea ya pili kushoto.

"Zote zako, bwana."

"Zote? Na wewe?"

"Mimi nitajua mwenyewe."

Akaingia jikoni, akakaa juu ya mbuzi wa kukunia nazi, akakwangua ukoko wa chunguni, ukoko wa rangi ya dhahabu, akaula na kichwa cha changu. Akatega sikio.

Kule nje, Faki alikuwa amejaa furaha hadi masikioni. Akanawa. Akatazama sahani ya kulia. Akatazama sahani ya kushoto. Akarudia ya kulia. Na Mize akausikia wimbo, taratibu, kama mtu anayeimba bila kupenda:

*La kushoto, fungu mlima,*
*la kulia, fungu kilima...*

Kofia ikachukuliwa. Mlango ukalia. Mize akaficha upawa chini ya kanga, akamfuata.

"Hii ni mara ya tatu!" Liwali akanguruma kabla Faki hajafungua kinywa. "Karani, chukua upawa!"

Karani akanyoosha mkono.

"Haki yako, Liwali," akasema Mize, "lakini muulize kwanza. Fungu la kulia la nani?"

"Langu," akasema Faki.

"La kushoto?"

"Langu."

"Basi mke yuko wapi kwenye kesi hii?"

Karani akarudisha mkono kama aliyegusa kaango. Macho ya Liwali yakaanza kung'aa, maana kesi ya namna hii babu yake hakuiona, wala babu wa babu yake.

"Ni kweli. Amri yangu ilisema mke na mume. Hii ni ya mume na mume. Mshtaki, Faki wa kulia, kaa kiti kile. Mshtakiwa, Faki wa kushoto, kaa hiki."

Faki akakaa kiti cha mshtaki.

"Mshtakiwa yuko wapi?" Liwali akauliza kwa ukali. "Ananidharau? Askari, mleteni!"

Askari wakamnyanyua Faki, wakambwaga kiti cha pili.

"Vyema. Sasa mshtaki aeleze. Mshtaki! Naye ametoroka?"

Faki akakimbilia kiti cha kwanza. Akakimbilia cha pili. Akashtaki, akakanusha, akajiita mwongo, akajiapiza. Jasho likamtoka. Mwisho Liwali akatoa amri:

"Mshtakiwa ana fungu kubwa, lakini mkono wake ni wa kushoto, na kwa mkono wa kushoto hakuli mtu. Mshtaki ana mkono wa kulia, lakini fungu kubwa si lake. Jambo zito. Mpaka mpatane, sahani zote mbili zifunikwe kawa na zitiwe lakiri ya muhuri wangu, asizifungue mtu."

Basi Mize akatii serikali. Siku ya kwanza akapika, akapakua sahani mbili, askari akazitia lakiri. Siku ya pili akapika pilau, askari akaitia lakiri huku machozi yakimtoka. Siku ya tatu akapika wali na papa wa nazi, na Faki akajikokota mpaka kizingiti cha jikoni. Mize alikuwa anakwangua ukoko. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Mke wangu."

"Labeka, bwana. Ni wa kulia au wa kushoto?"

"Mize, nipe hata ukoko."

"Nami ninataka kukupa. Ila nisije nikaingilia kesi ya watu."

Mtaka yote hukosa yote. Faki akaenda barazani anapepesuka, akasema tumepatana. Liwali akasikitika sana, kwani alishaagiza viti zaidi. Akadai ushahidi. Faki, mbele ya watu wote, akaushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, akajipa salamu, akajisamehe.

Akarudi nyumbani. Mize akashika upawa. Safari hii hakupima. Akapakua kama mkono ulivyotaka, huku sahani moja, huku ya pili. Na mimi sitawaficha, ndugu zangu: siku hiyo fungu la Mize lilikuwa kubwa. Kubwa kweli kweli. Kipofu angeliona.

Faki akatazama la kwake. Akatazama la mkewe. Mkono ukapanda shavuni. Kinywa kikafunguka.

"Umesema, bwana?"

"Nimesema bismillahi."

Akala.

Nami chungu changu kimefika chini. Aliyeshiba hadithi, akawagawie wa nyumbani kwake. Aliyepunjika, asinijie mimi: baraza la Liwali li wazi, na viti viko tele.