Bi Mwanamvua Apiga Hodi kwa Simba

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma mmeitikia kama mna njaa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale, simba walipokuwa bado wanajibu salamu, palikuwa na bibi mmoja, jina lake Bi Mwanamvua. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: akiambiwa "karibu" hawezi kupita. Ataingia, atakaa, atakula.

Siku hiyo alikuwa safarini kwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza, aliyezaliwa juzi. Kichwani alijitwika kapu, na ndani ya kapu jogoo wa supu ya mzazi. Alitoka alfajiri. Njiani akaambiwa karibu, akaingia, akanywa uji. Akaambiwa karibu, akaingia, akala muhogo. Akaambiwa karibu, akaingia, akasukwa nywele. Jua likawa la utosi, naye hajafika hata nusu ya njia.

"Bibi, mtoto ataota meno hujafika," alisema jogoo.

"Nyamaza wewe! Una haraka ya sufuria?"

Jogoo akarudisha kichwa kapuni.

Wakafika kwenye bustani ya tajiri mmoja, aliyefuga chui, duma na simba, kila mmoja kizimbani kwake. Wasafiri walikuwa wamejazana, wanachungulia, wanacheka, wanatupa maganda ya ndizi. Mlinzi, jina lake Chande, alikuwa akipaza sauti, "Tazameni, msiguse!"

Bi Mwanamvua akakereka kwelikweli. "Mnachungulia nyumba za watu bila hodi? Mmelelewa wapi nyie?"

Akaenda kwa chui. "Hodi!" Chui akampa mgongo. Akaenda kwa duma. "Hodi!" Duma akajifanya amelala. Akaenda kwa simba. "Hodi! Hodi! Hodi!"

Simba akainua kichwa. Miaka saba alikuwa mle, ametazamwa na watu wasiohesabika, na hakuna hata mmoja aliyempigia hodi. Tena tangu jana hajala.

"Karibu," akasema simba.

Jamani! Si ameambiwa karibu? Bi Mwanamvua akainua komeo, akavua viatu, akaingia na kapu lake. Mlango akauacha wazi, maana mwanamke wa heshima hajifungii ndani na mwanamume asiye ndugu yake. Chande akapiga yowe, wasafiri wakatawanyika.

Simba akaachama. Meno hayo! Hapo ndipo Bi Mwanamvua alipoliona kosa lake. Akamkumbuka yule mjukuu ambaye hajamwona hata ukucha. Lakini ulimi wake haukusahau kazi.

"Mwanangu," alisema, "mbona hujaniamkia?"

Simba akafumba kinywa. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Sijui, bibi. Sijamwona miaka saba."

"Pole, mwanangu," akasema Bi Mwanamvua, na hiyo pole ilimtoka moyoni.

Simba akaachama mara ya pili.

"Nisimame mpaka lini? Hata mkeka hakuna?"

Simba akaona haya. Akampangusia mahali kwa mkia, Bi Mwanamvua akaketi.

Simba akaachama mara ya tatu.

"Na hujanawa!"

Simba akaanza kulamba makucha, moja baada ya jingine.

"Bibi, aga!" akanong'ona jogoo.

"Basi, mwanangu, naomba ruhusa. Nina mzazi ananingoja."

"Mbona mapema?" akasema simba. Neno lilimtoka lenyewe, na likishatoka ndiyo basi. Mgeni aliyekwisha kuaga haliwi.

"Nitakuja siku nyingine. Nisindikize."

Nani mwenye adabu zake atakataa kumsindikiza mgeni? Wakatoka, bibi mbele, simba nyuma. Chande alipowaona hakupata pa kukimbilia ila mle kizimbani. Akajitupa ndani, akaubamiza mlango, na komeo likaanguka kwa nje.

Walitembea mpaka njia panda, pale nyasi ndefu zinapoanzia.

"Hapa panatosha, mwanangu. Rudi nyumbani."

Simba akatazama nyuma, kule kizimbani. Akatazama mbele, kwenye nyasi.

"Naam, bibi. Narudi nyumbani." Akaingia nyasini.

"Msalimie mama!" akapaza sauti Bi Mwanamvua.

Njia iliyobaki alikaribishwa mara tatu, na mara tatu akajibu kwa mbali, "Nimeshiba!" Jua halijazama, mjukuu yuko mapajani mwake. Supu ilipikwa ya kuku wa jirani, kwa kuwa yule jogoo aliyemkumbusha kuaga, bibi hakuwa na moyo wa kumchinja.

Na Chande? Alasiri wakaja wasafiri wengine.

"Mnyama gani huyu?"

"Sijui, ila ana kofia."

"Nifungulieni, jamani!" alilia Chande. Wakamchungulia, wakamcheka, wakamtupia maganda ya ndizi. Hakuna hata mmoja aliyepiga hodi.

Hadithi yangu imefika mwisho wake. Nimeitia komeo kwa nje, anayetaka kuingia apige hodi.