Kadi ya Sori na Albamu Iliyotutia Kinyaa

Haya, sogezeni viti, na wewe mwenye rola kichwani kaa upande wa feni. Leo simsemi sungura wala fisi. Nawasimulia wasichana watatu wa hapahapa Korogwe, na albamu iliyotoka Korea ikanitia kinyaa ambacho hakijaniisha hadi leo. Sikilizeni vizuri, maana mwisho mtanisaidia. Mwenzenu nimeelemewa.

Wa kwanza ni Salha, mwenye ulimi. Amejifunza Kikorea mwenyewe kwa tamthilia na daftari, mpaka ikafika siku akamjibu mama yake kwa Kikorea, akakemewa kwa Kisambaa. Wa pili ni Mkunde, mwenye kung'ang'ania. Huyo akija kuomba chumvi ukamnyima, ataomba mpaka umpe na kopo lake. Wa tatu ni Tunu, mwenye mikono. Mama yake ni fundi cherehani, na yeye ndiye mfumuaji: anafumua gauni la hariri usione hata tundu la sindano.

Kila Jumamosi watatu hawa hucheza hapa saluni kwangu nyimbo za Dalnara, kundi la wasichana wanne wa Kikorea. Na mimi Chiku, mama mzima wa miaka hamsini na mbili, nasuka huku natikisa bega. Ndiyo, ni shabiki. Acheni kucheka.

Ushabiki huu una desturi yake. Kila shabiki huchagua mwimbaji mmoja akasema, "Huyu ndiye wangu." Na ndani ya kila albamu huwekwa kadi ya picha ya mwimbaji mmoja, usiyemjua mpaka ufungue. Salha alisema wake ni Garam. Mkunde akasema Haeju. Tunu akasema Naru. Wakaapiana kwamba ikija albamu, mwenye mwimbaji wake achukue kadi, na asiye naye anyamaze. Wa Sori, yule mwimbaji wa nne, hakujitokeza. Nilishangaa kidogo, maana Sori ndiye mwenye sauti. Wenzake wanaimba, yule anakuita.

Basi kampuni ya Dalnara ikatangaza kutoa albamu mpya mia moja bure kwa mashabiki wa Afrika. Masharti: ujaze fomu kwa Kikorea na ujibu maswali saba kabla ya saa sita mchana. Salha aliliona tangazo saa tano na nusu, nikiwa nimeshamsuka nusu kichwa. Aliniponyoka mkononi, nywele nusu zimelala, nusu zimesimama, akajibu yote saba. Bila Salha tusingepata hata harufu ya albamu. Ila majivuno nayo! Aliandika kila kitu kwa herufi za Kikorea, hata jina lake na sanduku lake la posta.

Miezi mitatu, kimya. Mkunde akasema, "Haiwezi kupotea. Itakuwa imekwama Tanga." Akaenda posta ya Tanga Ijumaa ya kwanza, akaambiwa hakuna mzigo wa jina hilo. Akaenda ya pili, akaambiwa vilevile. Ya tatu akakaa kwenye benchi na chapati zake, akasema haondoki mpaka aone mizigo inayorudishwa ilikotoka.

"Binti, hii haina jina linalosomeka," karani akamwambia, ameshika kifurushi.

"Baba, kinachosomeka hapo ni nini?"

"Tanga, Tanzania. Basi."

"Na huo mwezi mwekundu uliochorwa pembeni?"

Akamwonyesha mwezi uleule, alama ya Dalnara, kwenye fulana aliyovaa, na kwenye simu fomu ya Salha, herufi kwa herufi. Karani akalinganisha, akacheka, akamsainisha. Kesho yake kingerudi Korea. Bila Mkunde, ulimi wa Salha ungebaki domo tupu.

Lakini huko njiani kifurushi kilikuwa kimelowa na kukauka. Kitabu cha picha kinachokuja na albamu kilikuwa kimegandana, kigumu kama kipande cha sabuni ya mche. Salha alitaka kuvuta, Tunu akampiga kibao cha mkono. "Dada, utakichana!" Akakipeleka kwa mama yake. Siku mbili Tunu alikaa nacho, mvuke wa birika, wembe, poda, ukurasa mmoja baada ya mwingine, na hakuchana hata mmoja. Bila Tunu, Mkunde angekuwa ameleta tofali.

Alibakisha kurasa mbili za mwisho ili tuzifungue pamoja Jumamosi. Kwanza tukatia ile sahani ya nyimbo kwenye deki yangu.

Jamani. Nimekula chakula kilichochacha nikanyamaza kwa heshima ya mwenyeji, lakini hapa sinyamazi. Nyimbo kumi. Wa kwanza ni kelele, mashine ya kusaga inayozunguka bila mahindi. Wa pili ni huohuo wa kwanza, umekimbizwa. Sauti zimepitishwa kwenye mitambo mpaka humjui Garam wala Haeju, wote wanakoroma kama bomba la sinki. Kwenye wa tano Tunu akauliza, "Salha, hapo wanasema nini?"

Salha alikuwa ameinamisha kichwa. "Wanasema... rangi ya mdomo haitoki hata ukinywa chai."

"Wimbo wote?"

"Wote. Na jina la duka wamelitaja."

Kinyaa! Watoto wamengoja miezi yote hiyo, wameletewa tangazo la rangi ya mdomo. Na Sori je? Tulimtafuta wimbo hadi wimbo. Akatokea kwenye wa tisa, peke yake, bila mtambo. Nilitazama saa ya ukutani: sekunde tisa. Kisha wakamfunika kwa ngoma. Nilitamani kuitupa deki nje.

Salha akasema, "Hiki ndicho nilichojifunzia Kikorea?"  Tunu akapitisha wembe kwenye zile kurasa mbili, zikaachana, kadi ikadondoka kwenye kaunta. Sori. Picha yake, sahihi ya mkono wake, na mstari mmoja wa wino. Salha akausoma polepole: "Kama ulinisikia, asante."

Mikono mitatu ikaenda kwa pamoja.

"Wako si Garam?" Mkunde akamaka.

"Na wako si Haeju?" Salha akamrudishia.

Ndipo ukweli ukatoka. Wote watatu, tangu mwanzo, mwimbaji wao ni Sori. Kila mmoja alijua mwenzake anampenda, akataja mwimbaji mwingine ili asigombane naye. Wastaarabu hao! Na kiapo chao hakikuwa na la kusema, kwa kuwa kwa mdomo hakuna aliyemtaja Sori.

"Mimi ndiye niliyeiita ikaja," akasema Salha. "Na maneno yake ni mimi pekee niwezaye kuyasoma."

"Uliiita ukaipoteza kwa majivuno," Mkunde akajibu. "Mimi ndiye niliyeirudisha."

"Mlileta tofali," akasema Tunu. "Kadi nimeitoa mimi."

Nikasema iwe ya zamu. Wakakataa. Nikasema tuibandike hapa kwenye kioo. Wakakataa. Mwishowe wakaniachia niamue. Wiki iliyofuata ikatangazwa kwamba Sori ameacha kundi, na kadi nyingine ya mkono wake haitakuja.

Sasa ni Jumamosi ya nne hawachezi. Salha huja asubuhi peke yake, Mkunde mchana, Tunu akisikia wenzake wameondoka. Kila mmoja huniambia haki yake, na kila mmoja nikimsikiliza namwona ana haki. Lile dubwana la nyimbo kumi nimelitupa jalalani, lakini naona limeniachia uvundo humu ndani. Wasichana walionyamaziana kwa upendo, leo wananyamaziana kwa chuki.

Kadi hii hapa, kwenye droo ya vitana. Kuna ulimi ulioiita, miguu iliyoifuata, na mikono iliyoifungua. Ungekuwa wewe ndiye umekaa kwenye kiti changu, ungempa nani? Semeni, na semeni leo, maana kila nikichukua kitana Sori ananitazama. Na mimi pia nilimsikia zile sekunde tisa.